Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kura na maamuzi kwenye kikao cha baraza la jiji

Nimekaa viti vya nyuma vya baraza miaka kadhaa sasa na kila kikao kikiisha watu wananivuta pembeni na maswali yale yale, imepitaje wakati mikono ilikuwa michache, meya anaruhusiwa kweli, mbona tumetolewa nje. Nimeyakusanya hapa ili nisirudie rudie. Kila jiji lina kanuni zake za kudumu, yani taratibu za kuendesha vikao, kwa hiyo nikisema "mara nyingi" namaanisha mara nyingi tu, sio kila mahali. Za kwenu ziombe kwa katibu wa baraza uzisome mwenyewe.

Viti nusu vitupu na wameanza kupiga kura. Hiyo ni halali?

Inawezekana kabisa. Kinachoangaliwa ni akidi, yani idadi ya chini ya madiwani wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiwe kikao, na akidi sio lazima iwe nusu. Uingereza kwa mfano sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972 inataka robo tu ya wajumbe kwenye baraza kuu, kwingine ni theluthi, kwingine zaidi ya nusu. Sa watu wanachosahau ni kwamba akidi sio ya kufungulia kikao tu. Madiwani wanaanza 20, saa tatu baadaye wamebaki 9, wengine wako koridoni wanaongea na simu, na mambo mazito ndo yanaletwa muda huo. Sehemu nyingi diwani yeyote anaweza kusimama akasema mwenyekiti akidi haijatimia, wanahesabiwa, na idadi isipofika kikao kinasimama au kinaahirishwa. Ila asiposema mtu, mara nyingi mambo yanaendelea kama kawaida. Ndo maana utaona upande unaojua utashindwa wanatoka nje wote kwa pamoja, sio hasira ile, ni hesabu.

Waliosema ndiyo hawafiki hata nusu ya madiwani wote. Imepitaje?

Hili ndo swali namba moja. Chukua baraza la watu 30, akidi ni nusu, wamekuja 16. Kura zinapigwa: ndiyo 7, hapana 5, wanne hawakupiga. Imepita?

Inategemea kanuni inasema wingi wa nini. Kama ni wingi wa kura zilizopigwa, 7 ni nyingi kuliko 5, imepita na watu saba wameamua mambo ya jiji zima. Kama ni wingi wa waliohudhuria, ilitakiwa 9, imeanguka. Kama ni wingi wa wajumbe wote ilitakiwa 16, yani kila aliyekuwepo mle ndani angetakiwa aseme ndiyo. Kura zile zile, watu wale wale, majibu mawili tofauti, na hakuna aliyeiba kitu. Mambo ya kawaida huwa yanaenda kwa wingi wa kura zilizopigwa, alafu kwa mambo makubwa kama kumwondoa meya, kutengua kanuni au kubadili bajeti iliyokwisha kupita, kanuni inapandisha dau mpaka wingi wa wajumbe wote au theluthi mbili. Kwa hiyo kabla hujaanza kuhesabu mikono jua kwanza unahesabu ili ifike ngapi, otherwise utabishana na jirani yako mpaka kikao kinaisha.

Na wale wanne ambao hawakupiga wanahesabiwa upande gani?

Kwenye hesabu ya kura zilizopigwa hawapo kabisa, ni kama hawakuja. Kwenye hesabu ya waliohudhuria au ya wajumbe wote wamesema hapana, hata kama moyoni hawakutaka kusema hapana. Binafsi siwaamini sana madiwani wanaojizuia kila mara jambo likiwa gumu. Anayejizuia kwa sababu ana maslahi kwenye jambo lenyewe, huyo sawa, ila yule anayeacha tu kupiga kura akakaa hapo hapo anatabasamu pande zote mbili, aah.

"Wanaoafiki waseme ndiyo", wanasema, afu mwenyekiti anasema walioafiki wameshinda. Amejuaje?

Kwa masikio yake, basi. Kura ya sauti ni ya haraka na inafaa kwa mambo ambayo hakuna anayeyapinga, tatizo linakuja pale sauti zikikaribiana na mwenyekiti anasikia anachotaka kusikia. Dawa yake ipo kwenye kanuni karibu zote: diwani anayetilia shaka anadai zihesabiwe, hapo hapo, kabla hawajaingia ajenda inayofuata. Akingoja kesho imekula kwake. Kutoka hapo wananyoosha mikono, au wanasimama, au katibu anaita jina moja moja na kila mtu anajibu kwa mdomo wake. Hii ya majina ndo ninayoipenda kwa sababu inaandikwa. Ukitaka kujua diwani wako alisema nini kwenye jambo lenu na kura ilikuwa ya sauti, hutajua milele, atakwambia chochote.

Baadhi ya sehemu sheria imelazimisha. Uingereza tangu 2014 kura za kikao cha bajeti lazima ziandikwe kwa majina, na California tangu mwaka huo huo baraza linatakiwa kutangaza hadharani kila mjumbe alipigaje kura au kama alijizuia.

Wanaweza kupiga kura ya siri?

Kwenye kuchagua watu, mfano kuchagua meya kati yao au wenyeviti wa kamati, sehemu nyingi ndiyo. Tanzania madiwani ndo wanaomchagua meya kutoka miongoni mwao, wananchi hawapigi kura ya umeya moja kwa moja. Kwenye maamuzi ya sera na pesa ni nadra, na California sheria yao ya vikao vya wazi ya 1953 inakataza kabisa baraza kuamua jambo kwa kura ya siri. Sababu inaeleweka, yule pale anapiga kura kwa niaba yako, sa akificha utamwajibishaje.

Kura zikilingana?

Kama hakuna kanuni nyingine, hoja imeanguka, kwa sababu hoja inatakiwa ipate wengi na kulingana sio wengi. Watu wengi wanadhani kura zikilingana lazima mtu aamue. Hapana, kulingana kwenyewe ni jibu.

Ila mabaraza mengi yanampa mwenyekiti kura ya maamuzi. Uingereza mwenyekiti anapiga kura yake ya kawaida kama diwani, afu zikilingana anapiga ya pili. Chicago meya kwa kawaida hapigi, anaingia zikilingana. Kuna desturi ya zamani ya Bunge la Uingereza, inatokana na Spika Denison mwaka 1867, kwamba anayepiga kura hiyo asitengeneze wingi ambao haupo, aache mambo yalivyo au aache mjadala uendelee. Ni desturi nzuri, lakini kwenye mabaraza ya miji haimfungi mtu, mwenyekiti wa chama fulani atapiga na chama chake na hamna wa kumfanya kitu.

Meya anaweza kukataa kitu ambacho baraza limepitisha?

Hapo angalia meya wenu ni wa aina gani. Kuna meya ambaye ni mwenyekiti wa kikao na mvaa joho, huyo hana kura ya turufu, anaongoza tu mjadala. Na kuna meya mtendaji aliyechaguliwa na wananchi, huyo anaweza kuwa nayo. New York baraza lina wajumbe 51, meya akikataa sheria waliyopitisha wanaweza kumpiku kwa theluthi mbili, yani kura 34. Chicago wajumbe ni 50 na wanahitaji 34 vile vile. London imekaa kivyake, baraza lao lina watu 25 na nguvu yao kubwa ni kubadili bajeti ya meya, ila mpaka theluthi mbili ya wanaopiga kura wakubaliane, kwa hiyo meya akiwa na watu tisa waaminifu analala usingizi.

Kenya kwa katiba ya 2010 mabaraza ya jiji ya zamani hayapo tena, kuna bunge la kaunti na gavana, na spika wa bunge hilo anachaguliwa na wajumbe lakini kutoka kwa watu ambao sio wajumbe.

Dakika mbili wamepitisha mambo kumi na mbili! Walisoma saa ngapi?

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndo watu wanakata tamaa kabisa na kusema mambo yamepangwa.

Ni kweli yamepangwa, lakini sio kwa maana hiyo. Jambo linaanza kwa mtaalamu wa jiji kuandika taarifa, mhandisi, mwanasheria, mtu wa mipango miji. Taarifa inaenda kwenye kamati, kamati ina madiwani saba au kumi, wanaichana, wanamuuliza maswali, wanarudisha, inakuja tena, wanatoa pendekezo. Ikifika baraza kuu yale yasiyo na ubishi yanakusanywa yanapitishwa kwa mkupuo, kura moja kwa yote. Kikao kile cha watu wote na kamera ni kituo cha mwisho. Gari limeshatembea wiki sita, we umelikuta linapaki.

Kwa hiyo anayekuja na bango siku ya kura kuu amechelewa, samahani lakini ndo ukweli. Nimeona wakazi wamejaa ukumbini mpaka wengine wamesimama, jambo lao likapita kwa sekunde arobaini wakabaki wanaangaliana, na kwenye kamati mwezi mmoja nyuma lilipojadiliwa saa nzima viti vya umma tulikuwa watu wawili na mmoja alikuwa amekuja kwa ajili ya kiyoyozi. Mle kwenye kamati diwani bado hajasema msimamo wake hadharani, anaweza kubadilika bila kuaibika. Kwenye baraza kuu ameshajifunga, vyama vyao vimekaa usiku uliopita vimekubaliana wote wapige vipi, hapo hata uongee kama malaika.

Na kwenye ule mkupuo kuna upenyo. Diwani mmoja tu, mara nyingi, anaweza kuomba kipengele fulani kitolewe kwenye kundi kijadiliwe peke yake. Mmoja! Mpigie diwani wako kabla ya kikao, mwambie kipengele namba fulani akitoe. Hiyo simu ina kazi kuliko bango.

Hoja ni moja, mbona wamepiga kura mara tatu?

Marekebisho. Mtu ametoa hoja, mwingine ameafiki, wa tatu anasema tubadilishe maneno haya. Mabadiliko yanapigiwa kura kwanza, afu hoja kama ilivyobadilika inapigiwa kura. Kosa la kawaida ni watu kushangilia kura ya marekebisho wakidhani ndo imeisha. Nimeshangilia mimi mwenyewe, najua ile aibu ya kukaa chini polepole.

Ujanja wa kuangalia ni marekebisho yanayoua hoja kwa upole. Hoja inasema "baraza litajenga", marekebisho yanasema "baraza litaangalia uwezekano wa kujenga". Imepita kwa kura zote, picha zimepigwa, hakuna kitakachojengwa.

Taratibu nyingi za namna hii Marekani zinafuata kitabu cha Henry Martyn Robert cha 1876. Alikuwa mhandisi wa jeshi, 1863 aliwekwa kuongoza mkutano kanisani mjini New Bedford ukamshinda, akaenda kujifunza mikutano inavyoendeshwa.

Wamesema jambo "limewekwa mezani". Limepita au limekufa?

Uliza uko wapi. Kwetu na kwa Waingereza kuweka mezani ni kuwasilisha, limeingia rasmi. Kwa Wamarekani kuliweka mezani ni kulisimamisha kando, na mara nyingi halirudi. Ukisoma habari za mabaraza ya Marekani zilizotafsiriwa haraka haraka utaelewa kinyume chake kabisa.

Kwa nini wanatutoa nje?

Kuna mambo sheria nyingi zinaruhusu yajadiliwe faragha: mtumishi anayechunguzwa, kesi iliyoko mahakamani, bei ambayo jiji liko tayari kulipa kununua ardhi (ukiijua wewe na muuzaji ataijua). Hayo sawa. Ila wanatakiwa kutaja sababu kabla hamjatoka, na sehemu nyingi wanatakiwa wakirudi watangaze walichoamua. Ukiona wanakutoa kwa "mambo ya ndani" bila kutaja kifungu, uliza kifungu, kwa heshima, na uandike muda.

Diwani ana kiwanja pale pale barabara inapopita na amepiga kura.

Alitakiwa atangaze maslahi, na kwa kawaida atoke chumbani kabisa sio kukaa kimya kwenye kiti, manake macho yake tu yanatosha kuwabana wenzake. Uingereza kushiriki au kupiga kura kwenye jambo lenye maslahi yako ya kifedha bila kutangaza ni kosa la jinai tangu sheria ya 2011. Tena kule kuna hii naipenda sana, diwani mwenye deni la kodi ya baraza la miezi miwili au zaidi haruhusiwi kupiga kura ya bajeti na anatakiwa aseme mwenyewe kikaoni kwamba anadaiwa.

Naweza kuongea? Kurekodi?

Kukaa na kusikiliza ni haki karibu kila mahali, kuongea sio. Kama kuna muda wa umma unajiandikisha mapema na unapewa dakika mbili tatu, kwa hiyo anza na namba ya ajenda na unachotaka wafanye, salamu ndefu zitakumalizia muda. Kurekodi, England inaruhusiwa kwa kanuni za 2014, kwingine uliza kwanza. Aliyeona video ya baraza dogo la Handforth, kikao cha mtandaoni cha Desemba 2020 kilichozunguka dunia nzima, anajua rekodi inavyoweza kuamsha watu ambao hawajawahi hata kujua baraza lao linakaa lini.

Wanaweza kuamua jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda?

Wasifanye, na sehemu nyingi hawaruhusiwi isipokuwa dharura. Ajenda inatolewa mapema ndo maana, California ni saa 72 kabla ya kikao cha kawaida. Chunga kile kipengele cha mwisho, mengineyo. Mengineyo ni ya matangazo na pole za misiba, ukiona pesa inapita kwenye mengineyo simama.

Imepita. Sa inaanza kazi lini?

Watu wanadhani nyundo ikigongwa kesho asubuhi greda linakuja. Azimio ni nia ya baraza, utekelezaji uko kwa mkurugenzi na watumishi wake. Tanzania mkurugenzi ndo katibu wa baraza na anateuliwa na Rais, madiwani hawamwajiri, we fikiria mwenyewe hapo nguvu ikoje. Jambo likihitaji pesa ambayo haiko kwenye bajeti linasubiri bajeti. Ikiwa ni sheria ndogo mara nyingi inahitaji kibali cha juu na kutangazwa kabla haijamshika mtu. Kwa hiyo swali la kumuuliza diwani sio "imepita?", ni "iko kasma gani?", yani fungu gani la bajeti.

Na mahakama inaweza kufuta yote hata kura zikiwa mia kwa mia, kama baraza halikuwa na mamlaka ya kufanya kile kitu. Baraza la Hammersmith and Fulham la London liliingia mikataba na mabenki ya kubahatisha viwango vya riba, mwaka 1991 majaji wa juu kabisa wakasema sheria haijawahi kuwapa uwezo huo, mikataba ni batili, na mabenki ndo yakabaki na hasara.

Wanaweza kugeuza uamuzi wao?

Wanaweza, baraza halijifungi milele. Ila kuna breki ili walioshindwa wasirudi kila wiki. Kwa utaratibu wa Robert anayeweza kuomba kura irudiwe ni yule aliyekuwa upande ulioshinda, na muda wake ni mfupi sana. Mabaraza mengi ya Uingereza yanakataza jambo kurudi ndani ya miezi sita mpaka wajumbe kadhaa wasaini. Kwa hiyo ukishindwa usiende kwa rafiki zako, nenda kwa yule wa upande ulioshinda aliyepiga kura huku anasita sita.

Diwani anaweza kufungwa kwa sababu ya kura?

Imetokea. Poplar, mashariki ya London, 1921. Baraza la mtaa maskini likapiga kura kukataa kukusanya pesa za kupeleka kwenye mamlaka za juu za London, wakisema mzigo haugawanywi kwa haki kati ya mitaa tajiri na maskini. Mahakama ikawaamuru, wakagoma, madiwani 30 wakaingia jela, wanawake wakiwemo, na George Lansbury ambaye baadaye aliongoza chama cha Labour. Wakawa wanafanya vikao vya baraza gerezani Brixton, wanawake wanaletwa kwa gari kutoka gereza lao la Holloway. Sijui akidi ilikuwa inahesabiwa na askari magereza au vipi. Baada ya wiki sita hivi wakatolewa, na mwaka huo huo sheria ikabadilishwa mzigo ukagawanywa.

Nilikosa kikao. Nisome wapi?

Muhtasari, lakini ujue kuna muhtasari wa rasimu na uliothibitishwa. Rasimu inathibitishwa kikao kinachofuata na hapo ndo madiwani husahihisha, "mimi sikusema hivyo", na wanachosahihisha ni kumbukumbu tu, sio uamuzi wenyewe. Usitafute hotuba mle, hazipo, muhtasari unaandika kilichoamuliwa na nani alitoa hoja. Ruka mpaka yatokanayo. Pale ndo maazimio ya vikao vilivyopita yanaulizwa yamefikia wapi, na ukikuta azimio lenu limeandikwa "linaendelea kufanyiwa kazi" vikao vitatu mfululizo, hiyo ndo namba ya kipengele ya kumpigia nayo diwani simu.